Majira ya Kuizuru Tabora na Njia ya Misafara ya Kale

Wanafunzi, walimu na wageni wanaotaka kuizuru Tabora, na kuifuata njia ya kale iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, huuliza swali moja: twende mwezi gani? Jibu wanalopewa aghalabu ni fupi: nendeni wakati wa kiangazi. Jibu hilo si la uongo, ila ni pungufu. Njia hiyo ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, nayo hupita katika nchi zenye tabia mbalimbali. Kila majira huonyesha jambo moja na kuficha jingine.

Swali lenyewe lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2006 Tanzania iliviingiza vituo sita vya njia hii, yaani Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, katika orodha ya awali ya mahali panapopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Hivyo wageni watazidi kuja, na wenyeji watapaswa kuwashauri. Katika makala haya tutaeleza mvua ya nchi ile hutoka wapi, udongo na miti yake huipokeaje, na wasafiri wa karne ya 19 walijifunza nini kwa gharama ya maisha yao. Baada ya hapo msomaji ataweza kuchagua mwenyewe.

NJIA MOJA, MVUA ZA NAMNA MBILI

Msafiri atokaye pwani huanza katika nchi yenye mvua mbili kwa mwaka: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Akishavuka milima ya Usagara huingia katika nchi yenye mvua moja tu, inayoanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Ndicho kifuku cha watu wa bara.

Hata huko bara mvua hailingani. Ugogo, ulio katikati ya njia, hupata milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka. Tabora, mji ulio kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hupata kati ya milimita 900 na 1,000, na Kigoma hupata karibu kiasi hichohicho. Kwa hiyo yule aendaye magharibi hutoka katika unyevu, akapita katika ukame, akaingia tena katika unyevu.

Jambo hili lina matokeo yake. Mwezi wa Februari, pwani ikiwa na jua kali, Tabora imo katikati ya mvua. Mwezi wa Mei, Tabora ikiwa imekwisha kukauka, pwani bado ina masika. Ni miezi ya Juni hadi Septemba pekee ambayo njia yote, kutoka baharini hadi ziwani, huwa kavu au karibu kuwa kavu kwa wakati mmoja.

MVUA YA UNYAMWEZI HUTOKA WAPI

Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta. Kwa sababu hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi Oktoba na tena mapema mwezi Machi. Mahali ambapo jua huipiga ardhi wima, hewa hupata joto, huwa nyepesi, na kupanda juu. Pepo za kaskazini na za kusini huja kujaza nafasi yake na kukutana hapo. Ukanda huo wa makutano ya pepo ndio uletao mawingu mazito ya mvua.

Ukanda huo hulifuata jua, lakini kwa kuchelewa, kama ng'ombe amfuataye mchungaji kwa mbali. Huifikia Tanzania ya magharibi mnamo Novemba ukielekea kusini, na hurudi kaskazini mnamo Machi na Aprili. Katika kipindi chote cha kati, Unyamwezi hupata hewa yenye unyevu, nyingine ikitoka upande wa misitu ya Kongo. Kuanzia Mei upepo wa kusini-mashariki hushika zamu. Upepo huo hutoka baharini ukiwa na maji, lakini huyamwaga juu ya milima ya mashariki na kufika Tabora ukiwa mkavu. Tena hewa ya juu wakati huo hushuka badala ya kupanda, na hewa inayoshuka haifanyi mawingu. Ndiyo maana Juni, Julai na Agosti hupita karibu bila tone.

Hapa msomaji makini atauliza: ikiwa jua hupita utosini Oktoba na Machi, mbona Oktoba ni mwezi wa joto kali, ambapo kipimo cha mchana hufika nyuzi 32 za Sentigredi hivi, hali Machi ni wa wastani? Sababu ni maji. Mwezi wa Machi mawingu huzuia sehemu ya mwanga, na ardhi iliyolowa hutumia nguvu nyingi ya jua kugeuza maji kuwa mvuke. Mwezi wa Oktoba hakuna mawingu wala maji, basi nguvu yote hubaki kuipasha moto ardhi na hewa. Kwa sababu iyo hiyo, usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi, kiasi cha nyuzi 15 au chini yake. Anga lisilo na mawingu huliachia joto la ardhi litoroke, kama nyumba isiyo na paa.

YALIYOWAPATA WASAFIRI WA KALE

Wapagazi wa Kinyamwezi, waliokuwa mabingwa wa njia hii, hawakuhitaji kuelezwa hayo. Wengi wao walipanga mwaka wao ili waondoke baada ya mavuno, mvua ikiwa imekoma, na warudi kushika jembe kabla ya mvua nyingine. Wageni walioharakisha au kuchelewa ndio waliofundishwa na nchi yenyewe.

Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, masika yakianza. Alipofika uwanda wa Makata, unaoitwa leo Mkata, katika Mkoa wa Morogoro, aliukuta umegeuka bahari ya matope. Punda wake wengi walikufa, na yeye mwenyewe akaugua kuhara damu. Aliwasili Unyanyembe, yaani Tabora, tarehe 23 Juni, baada ya miezi mitatu. Aliporudi pwani mwaka 1872 aliondoka Kwihara tarehe 14 Machi, akakutana tena na mafuriko katika nchi ileile.

Kisa cha David Livingstone kinahuzunisha zaidi. Alibaki Kwihara kwa miezi mitano akiwangoja watu ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Walifika Agosti 1872, naye akaondoka tarehe 25 ya mwezi huo. Kiangazi kilikuwa kimebaki kidogo mno. Mvua ilimkuta mbali kusini, na mwanzoni mwa 1873 alikuwa akihangaika ndani ya mabwawa yaliyofurika ya Bangweulu, katika nchi iitwayo leo Zambia. Mwanzoni mwa Mei 1873 alifariki dunia katika kijiji cha Chitambo. Alikuwa mgonjwa tangu zamani, na haifai kuilaumu mvua peke yake. Hata hivyo, ni wazi kwamba miezi aliyoipoteza Kwihara ilimtoa katika majira ya safari na kumtia katika majira ya mafuriko. Chuma, Susi na wenzao waliuchukua mwili wake hadi pwani, wakapita Unyanyembe mnamo Oktoba 1873, na kufika Bagamoyo Februari 1874.

Lakini ukavu nao ulikuwa na hatari yake. Kati ya Mpwapwa na Ugogo palikuwa na nyika ya Marenga Mkali, ambayo jina lake lakumbusha maji machungu. Kati ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na Mgunda Mkali, pori refu lenye maji haba. Kiangazi kilipokomaa madimbwi yalikauka, na misafara ikawategemea Wagogo wenye visima, ambao walitoza hongo kwa kupita na kwa maji. Kumbe msafiri wa zamani alikuwa na mlango mwembamba: asianze mapema akazama Makata, wala asichelewe akafa kiu Ugogo. Mlango huo ulikuwa mwisho wa mvua na miezi michache iliyoufuata.

Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilipunguza hatari hizo, wala haikuziondoa. Kwa kiasi kikubwa reli ilifuata njia ileile, pamoja na bonde la mto Mkondoa karibu na Kilosa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya bonde hilo yaliharibu reli, na safari za abiria zikasimama kwa miezi kadhaa. Aendaye kwa garimoshi kati ya Desemba na Aprili yafaa aulize habari za njia kabla ya kukata tikiti.

UDONGO UFANANAO NA MNYORORO

Mgeni ashukaye Tabora huiona nchi kama uwanda. Kwa kweli nchi hiyo ni mawimbi mapana, yenye vilima vya mawe, miteremko mirefu na mabonde bapa. Katika mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, alieleza kwamba aina za udongo katika nchi za namna hii hufuatana kwa utaratibu uleule kutoka kilele hadi bonde. Utaratibu huo aliuita katena, kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Istilahi hiyo, iliyozaliwa katika ardhi ya Afrika Mashariki, hutumika leo duniani kote.

Juu ya mteremko pana udongo wa kichanga, upitishao maji upesi. Chini bondeni pana udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wenyeji huuita mbuga. Msomaji asichanganye neno hili na mbuga za wanyama. Mbuga ya Unyamwezi na Usukuma ni bonde la udongo mweusi usio na miti mingi. Udongo huo hupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi, na baiskeli hupita juu yake bila taabu. Mvua ikija huvimba, nyufa zikajifunga, maji yakatuama juu, na gari likazama hadi mhimili. Barabara kuu za mkoa zimetiwa lami katika miaka ya karibuni, lakini njia za vijijini bado huzikata mbuga hizo. Kwa hiyo umbali wa kilomita 20 hauna maana moja mwezi wa Agosti na mwezi wa Februari.

MWITU USIONGOJA MVUA

Sehemu kubwa ya nchi hii imefunikwa na mwitu wa miyombo. Ndani yake mna mininga, ambayo mbao zake ni maarufu, na nyuki ambao asali yao imeipa Tabora sifa ya siku nyingi. Wageni wengi hudhani kwamba mwitu huu hukauka kiangazi na kufufuka mvua inyeshapo. Ukweli unastaajabisha zaidi.

Mnamo Agosti na Septemba, nchi ikiwa kavu kabisa, miti ya miyombo huanza kuchipua majani mapya. Majani hayo si ya kijani. Ni mekundu, ya rangi ya shaba na ya damu ya mzee, hata kilima kizima huonekana kama kinawaka. Rangi hiyo hutokana na kemikali iitwayo anthosiyanini, ambayo hudhaniwa kuyakinga majani machanga na jua kali mpaka yatakapokomaa. Maji ya kuchipulia hutoka katika akiba iliyo ndani ya shina na chini sana ardhini, ambako mizizi hufika. Faida yake ni dhahiri: mvua ya kwanza inyeshapo Novemba, majani yako tayari kufanya kazi, na mti haupotezi hata wiki moja.

Adui wa uzuri huu ni moto. Nyasi zikichomwa mapema, Mei au Juni, zikiwa bado na umajimaji, moto huwa hafifu na miche mingi huokoka. Zikiungua Septemba au Oktoba moto huwa mkali, huua miche, na moshi wake huitia nchi ukungu wa kijivu. Basi anayekwenda kutazama majani mekundu akumbuke kwamba huenda akayatazama kupitia moshi.

KALENDA YA MSAFIRI

Sasa tunaweza kulijibu swali letu kwa kufuata haja ya kila mmoja.

Mei na Juni. Mvua imekoma, nyasi ni ndefu, hewa imesafishwa, na macho huona mbali. Mito bado ina maji. Ni majira mema kwa picha na kwa matembezi ya Kwihara na mjini. Pia ni wakati wa mavuno, na katika miezi hii warina asali huwa na shughuli. Upungufu wake ni kwamba nyasi ndefu huwaficha wanyama, na baadhi ya njia za mbuga hazijakauka.

Julai na Agosti. Hii ndiyo miezi ya salama kwa safari ndefu ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Mchana ni wa jua la wastani, usiku ni wa baridi, na blanketi ni lazima. Inafaa kukumbuka kwamba Jane Goodall alitua Gombe kuanza uchunguzi wake wa sokwe tarehe 14 Julai 1960. Vikundi vya shule vifikirie miezi hii kwanza.

Septemba na Oktoba. Joto hupanda na vumbi huzidi. Lakini mto Ugalla, uliopewa hifadhi ya taifa kwa jina lake mwaka 2019, hupungua ukabaki mabwawa yaliyotengana, ambamo viboko na mamba hujazana. Nyasi zimelala, na wanyama huja kunywa mahali panapojulikana. Atakaye wanyama na majani mekundu aende wakati huu, naye avumilie jua.

Novemba na Desemba. Radi hulia, vumbi hutulia, na ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia huwa wamewasili. Mwisho wa mwaka ni wakati wa maembe, na miembe ndiyo kumbukumbu iliyo hai ya misafara, kwa kuwa hupatikana kwa wingi Tabora na Ujiji.

Januari hadi Machi. Ni miezi ambayo vitabu vya watalii huiepuka. Hata hivyo uyoga huchomoza chini ya miyombo, kwa kuwa nyuzi zake huishi kwa ushirika na mizizi ya miti hiyo, na akina mama huuza uyoga huo kando ya barabara. Ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, ya kwanza nchini kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, hutanuka ikawa nchi ya maji. Mji nao haulali. Mkutano wa TANU wa Januari 1958, uliofikia uamuzi wa kushiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ulifanyika Tabora katika majira haya haya.

Aprili. Mvua za bara zinapungua, lakini pwani na njia ya Kilosa ziko katika masika. Anayetokea mashariki kwa nchi kavu angoje.

Ujiji una fundisho lake, bila kujali mwezi. Mgeni hushangaa kwamba mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871 pako mbali na maji. Zamani ziwa lilikuwa karibu. Mnamo 1878 maji ya Tanganyika yalifungua mlango wa mto Lukuga upande wa Kongo, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka yapata mita 10. Maziwa nayo yana majira yake, marefu kuliko mwaka.

Kuhusu afya, malaria huzidi wakati wa mvua na mara baada yake, na chandarua hakina mbadala. Katika mapori kuna mbung'o, ambao huweza kuambukiza malale. Hufuata vitu vinavyokwenda na hupenda rangi nyeusi na buluu iliyokolea, basi mavazi ya rangi ya mchanga yafaa zaidi. Mtu apatwaye na homa baada ya kutoka porini amweleze mganga kwamba alikuwa huko.

KIANGAZI KISITUDANGANYE

Yote tuliyosema humhusu mgeni anayepita. Lakini kuna wageni wa namna nyingine: mhandisi, mpimaji, mtafiti na ofisa wa mipango. Hao nao hupenda kuja kiangazi, kwa sababu njia hupitika. Mwaka 1983 mwanachuoni Robert Chambers aliandika kwamba wataalamu wanaozuru vijiji katika majira makavu tu hushindwa kuuona umaskini ulivyo. Majira ya mvua ndiyo ambayo ghala hukaribia kuisha, kazi ya shamba huwa ngumu kupita zote, homa huzidi, na njia ya kwenda zahanati hukatika. Mambo hayo manne huja pamoja, na mgeni wa Agosti hayaoni hata moja.

Historia ya njia hii ina ushahidi wa gharama ya kuipima nchi kwa haraka. Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa na kuenea hadi Urambo, ulivunjika mwaka 1951. Huko Kongwa mvua haikutosha, na udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama saruji, ukazivunja mashine. Wagogo walikuwa wakiijua nchi hiyo katika majira yake yote.

Kwa hiyo mtalii na achague Julai, na mpiga picha achague Mei. Lakini anayekuja kuchagua mahali pa kujenga daraja, shule au zahanati, na aje mara mbili: aje Agosti apime, kisha arudi Februari, avue viatu, na aivuke mbuga kwa miguu pamoja na wale ambao huivuka kila siku.